Kolekole Hakusubiri Hatua ya Nne

Leo Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, shoga yangu, nimeaibika baharini mbele ya mume wangu na shemeji!

Mume wangu amemsaka kolekole miaka mitatu, yule samaki mkubwa mwenye nguvu za fahali. Jana akanunua chambo cha bandia chenye karatasi ya maelekezo. Nikasema, "Nitawasomea mimi." Unajua nilivyoisubiri siku hiyo tangu mimi na wewe tuanze darasa la kisomo cha watu wazima!

Tukiwa botini, nilikuwa nasoma hatua ya pili, "vuta chambo kwa kasi," kolekole akauma! Mume wangu akanyanyua fimbo ya kuvulia. Nikamshika mkono. Ndiyo, nilimshika mkono!

"Subiri, Baba Watoto! Mwalimu amekataza kuruka mistari."

"Mke wangu, samaki anaondoka!"

"Hatua ya tatu bado!"

Nikasoma mpaka nukta. Hatua ya nne ikasema: "Samaki akiuma, usichelewe hata kidogo."

Nikainua macho. Kolekole, chambo na fimbo iliyomponyoka mume wangu, vyote vimekwenda.

Shemeji alicheka mpaka akalala chini. "Shemeji, huyo samaki angesubiri mtihani?"

Mume wangu akasema, "Lakini hukukosea hata neno moja."

Tafadhali, wafikishie wanadarasa wenzetu: maelekezo ya kuvua yasomwe nchi kavu.