Mto wa Kiti cha Rubani

3 Machi

Mdogo wangu Spana,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa shemeji yako. Sisi ni wazima, ila goti langu la kukanyagia cherehani limeanza tena manung'uniko. Namshukuru Mungu, bado linakanyaga. Na wewe mgongo unaendeleaje? Wifi hajambo?

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Mara ya mwisho tulipoongea habari ya hiyo ndege unayoiunda ulinikatia, nami nikanuna siku mbili. Kwenye karatasi angalau huwezi kunikatiza.

Wifi ameniambia umeleta mabawa yaliyokwisha kuungwa nusu kiwandani. Spana, miaka minne unaniimbia, "Dada, ndege yangu kila ribiti ya kuungia bati nitaipiga kwa mkono wangu." Leo unanunua mabawa ya watu? Mimi nashona mwaka wa ishirini na saba huu. Nguo ya dukani ikining'inia inapendeza, lakini igeuze ndani: nyuzi zimeachwa, kwapa limepigwa mshono mmoja. Na nguo ikichanika mtu hujifunika shali akarudi kwake. Wewe huko juu utajifunika nini?

Na haraka hii ya nini? Nani anakukimbiza? Kila nikisali nikifika kwenye jina lako nakwama, sijui niombe ndege iishe au isiishe kabisa. Mungu anisamehe.

Nasikia unataka kuagiza na viti vya dukani. Hapo nimekataa. Nitumie vipimo nishone mwenyewe.

Ni mimi dada yako anayekuwaza

*

20 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mzima, ila mgongo unanikumbusha kwamba nilizaliwa zamani. Pole na goti. Wifi yako anakusalimu, na anakana kwamba yeye ni mpelelezi wako.

Usinitajie haraka na baraka, methali naijua. Nikuambie jambo ambalo analijua wifi yako peke yake. Jicho la kushoto linaniingia ukungu. Daktari amenipa cheti cha kurusha ndege mpaka tarehe 18 Mei. "Baada ya hapo, mzee, tafuta mchezo mwingine." Nikamwuliza kama karata zinahitaji cheti. Hakucheka.

Kwa hiyo kila kitu cha kuniokolea mwezi nakichukua, ila si kwa kufumba macho. Mabawa yangenila miezi minane. Nimeingiza taa na kioo kwenye matundu yake, nimezipitia ribiti moja moja kama wewe unavyogeuza nguo. Dada, zimepigwa vizuri kuliko zangu, na imeniuma kuandika hivyo. Waya nimenunua zilizokwisha kufungwa pamoja na kutiwa namba, tangi la mafuta nalo limekuja tayari. Kuna jamaa alinibembeleza nichukue injini ya gari iliyogeuzwa kuwa ya ndege, eti kesho tu inawaka. Nikakataa. Miaka thelathini nimelala chini ya magari, nazijua tabia zake. Ya gari ikikugomea unaegesha kando ya barabara.

Viti, haya, shona. Vipimo nimechora nyuma ya karatasi hii. Unajua ukoo wetu tulivyo wafupi: bila mto wa kimo cha inchi nne sioni ng'ambo ya pua ya ndege. Lakini kwa mbele mto uishie pale nilipopiga mstari mwekundu. Usukani wa ndege hii si duara. Ni fimbo inayosimama katikati ya magoti, na wakati wa kutua unaivuta nyuma mpaka tumboni.

Nakuombea goti.

Mdogo wako

*

14 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Habari ya jicho nimeisoma mara tatu, kisha nikafunga duka saa nane mchana, jambo ambalo halijatokea tangu nilipozaa. Mteja mmoja akaniuliza, "Mama, kuna msiba?" Nikamwambia bado. Neno likanitoka hivyohivyo, na likanitisha mwenyewe.

Sasa nimeelewa nani anakukimbiza. Sitakuzuia. Maji umeshayavulia nguo. Ila nikuulize kama mtu asiyejua: ile ndege ikija kukataa, inakupa muda wa kusema hata "Ee Mungu"?

Mito hii hapa, miwili, wako na wa abiria. Sponji ngumu, ile ya viti vya magari, na mshono nimeurudia mara tatu. Mgongo wako nimeufikiria, na mapaja pia. Utakaa kama bwana harusi.

Sikulala vizuri wiki hii. Mashine ya kusaga ya jirani ikiwashwa moyo unashtuka, nasema ndiyo ile ndege yako.

Dada yako

*

6 Mei

Dada,

Shikamoo. Tu wazima.

Mito imefika. Rangi nzuri, asante sana.

Mkaguzi wa ndege alipita wiki moja kabla ya mito, nikiwa nimekalia blanketi lililokunjwa. Ameipitisha. Nitairusha Jumamosi tarehe 16 asubuhi, kabla upepo haujaamka. Mwalimu wangu wa urubani atakuwepo. Wewe usije, nakuomba. Nikikuona pembeni umefumba macho, midomo inachezacheza, nitasahau yote niliyofundishwa.

Nimeambatisha picha, nimo ndani ya ndege.

Spana

*

Ujumbe wa simu, Jumamosi 16 Mei

Saa 1:05 asubuhi. Spana, barua yenye picha nimeikuta sasa hivi chini ya mlango wa duka. Pokea simu.

Saa 1:09. Pokea simu.

Saa 1:14. Nimeitazama picha kwa miwani. Umevuta ile fimbo kuja kwako, na imekomea kwenye mto. Sponji imebonyea pale ilipogusa. Haijafika tumboni. Ulisema wakati wa kutua lazima ifike tumboni.

Saa 1:16. Ni mimi. Mstari mwekundu niliuona. Nikaongeza vidole viwili mbele ili mapaja yapate pa kulala, kwa ajili ya mgongo wako. Kazi yetu ndiyo hiyo, fundi haachi kutia nyongeza, mtu asibanwe. Sikukuambia kwa sababu ungekataa.

Saa 1:20. Usiruke. Kama unasoma, usiruke.

Saa 1:31. Wifi amepokea simu yako. Anasema umeisahau juu ya friji. Nimemwambia kila kitu, ametoka mbio.

Saa 2:40. Wifi hapokei.

Saa 3:15. Mteja yupo mbele yangu anajaribu gauni, nami sioni sindano. Mwandikie dada yako hata herufi moja.

Saa 3:52. Ee Mungu, sindano imeniingia kidoleni.

Saa 4:06. Dada, mimi hapa. Niko chini. Mzima. Nitakuandikia. S.

*

24 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa siku nane. Kila nikishika kalamu naiweka. Mwili hauna tatizo.

Wifi yako alifika uwanjani kwa pikipiki, mguu mmoja una kandambili, mwingine mtupu, anapunga simu yangu kama mtu anayefukuza ndege wa shambani. Injini ilikuwa imeshapata moto. Mwalimu akanionyesha ishara nizime. Nikazima. Wifi yako akaniwekea ujumbe wako mbele ya pua, nikausoma wote nikiwa nimeketi mlemle.

Sasa nami nina langu la kuungama. Nilikuwa najua.

Nililiona siku ileile mito ilipofika. Nilivuta fimbo, ikagonga mto, imebakiza vidole viwili kufika tumboni. Mimi, mtu wa kuwafokea vijana wa gereji kwa nati iliyolegea nusu mzunguko, nikajiambia itatosha. Kuukata mwenyewe ningeharibu kazi yako. Kukuandikia ushone upya kungekula wiki tatu ambazo sikuwa nazo. Kukaa bila mto, sioni mbele. Lakini hizo zote ni sababu za mdomoni. Kweli ni kwamba niliogopa ungesema ni ishara ya Mungu nisiruke, na mimi sikutaka ishara. Ile picha nilikutumia ufurahi. Sikudhani utaitazama sponji.

Nilipofika pale ulipoandika kwamba hukuniambia kwa sababu ningekataa, nilicheka, Dada, cheko baya. Watoto wa mama mmoja, tumefichana vidole vilevile viwili.

Nikashuka. Nikamwambia Mwalimu hata kile nilichokuwa nakijua. Hakunifokea. Aliinama, akautoa mto, akaupa wifi yako aushike. Mwalimu ni mrefu kama nguzo ya simu, yeye hahitaji mto. Akaniuliza, "Unaniamini nayo?" Nikasema ndiyo.

Aliondoka nayo saa tatu na nusu. Haikuyumba, Dada. Ilipanda kama imewahi kupanda siku nyingine. Nilisikiliza injini mpaka shingo ikaniuma, ikawa kama kitone, na jicho langu la kushoto likaipoteza, nikaifuata kwa la kulia. Alikaa huko dakika ishirini na mbili. Wifi yako alikuwa ameukumbatia mto wako kama mtoto.

Aliporudi upepo ulikuwa umeamka. Ukampiga ubavuni karibu na ardhi, ndege ikadunda mara moja, pua ikataka kwenda chini, kisha ikatulia. Alipozima nikamkimbilia. Kabla hata ya kumpa mkono nikamwuliza, "Fimbo uliivuta mpaka wapi?"

Akavua miwani, akanitazama.

"Yote," akasema. "Na kama ingekuwepo zaidi ningeivuta."

Jumatatu yake cheti changu kikaisha. Mwalimu anasema ndege ikimaliza saa zake za majaribio naruhusiwa kukaa kiti cha abiria. Nitakaa, labda. Leo sijui.

Wewe usijilaumu kwa mto, mimi ndiye niliyeona nikanyamaza. Na tafadhali usiniandikie kwamba ni Mungu. Najua ni Mungu. Nakuomba tu uniache niwe na huzuni kidogo kwanza, halafu nitashukuru.

Msalimu shemeji. Goti ulipumzishe.

Mdogo wako, aliye chini