Ndoo Mbili na Pikipiki Nyeusi

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu kashinda. Pikipiki inauzwa. Mnunuzi ameshapatikana, fundi miwani, mtu mpole kwa maelezo yake, na anakuja Jumamosi kuichukua.

Ati nina miaka sabini na moja, nyonga ikivunjika nani atanibeba? Nikamwambia nyonga hii imezaa watoto wanne, haiogopi kiti cha pikipiki. Hakucheka. Nikitaka kwenda sokoni, nipande gari kama wazee wenzangu. Wazee wenzangu!

Nikasema sawa. Mtu akichoka kubishana husema sawa ili apate nafasi ya kufikiri.

Akaongeza: ioshwe vizuri, mnunuzi ana jicho kali.

Jicho kali – hapo nikaona upenyo.

Jumatano, 5 Machi

Rangi nyeusi ni shahidi asiyehongeka. Nyeupe husitiri, nyeusi husema yote. Nimefundisha kemia maisha yangu yote na bado watu hawaniamini: kinachokwaruza si kitambaa, ni mchanga uliojificha kwenye kitambaa. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu na umepiga msasa. Kivulini huoni kitu. Likitoka jua – mikwaruzo kama utando wa buibui, tangi zima!

Kwa hiyo mpango ni mwepesi. Nifute kavu, mara moja tu. Jumamosi jua litoe ushahidi, mnunuzi ashike njia.

Nikachukua kitambaa cha meza. Nikasimama mbele ya tangi. Mkono ukakataa! Kabisa, kama mkono wa muuguzi aliyepewa sindano chafu. Nimerudi jikoni kunywa chai. Mwovu gani mimi, naogopa uovu wangu mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Msaada umekuja kwa miguu yake. Shemeji, mdogo wa marehemu mume wangu, tunayemwita Chapuchapu kwa namna anavyofanya kila kitu. Binti yangu kamtuma aje kuosha. Kaja na dodoki, sabuni ya vyombo na fulana kuukuu.

Mimi sikutakiwa kufanya lolote. Kunyamaza tu. Nikaketi barazani.

"Shemeji, wewe pumzika. Dakika mbili tu!"

Akainua dodoki. Nikafumba macho. Nikasikia mtu anapiga kelele: "Weka chini!" Hata bata wa jirani walinyamaza. Sauti yangu.

Basi nikamfundisha, ningefanyaje? Kwanza maji tele, vumbi liondoke lenyewe. Ndoo mbili: moja ya shampuu, ya pili ya kusuuzia glavu ya kuoshea, mchanga uzame humo usirudi kwenye rangi. Anzia juu, magurudumu yawe ya mwisho. Nenda mstari mnyoofu, usizungushe mkono. Kukausha, laza kitambaa na ukigandamize, usisugue. Na glavu ikianguka chini imekufa. Hata uipulize.

"Shemeji, tunaosha pikipiki au tunaogesha mtoto mchanga?"

Nikamjibu mtoto mchanga ana ngozi inayopona.

Matokeo: naona meno yangu kwenye tangi, hata lile lenye pengo jirani. Inang'aa kama haijawahi kupandwa. Mjinga mimi. Nimewauzia kwa mikono yangu!

Jumamosi, 8 Machi

Naandika barazani. Wao wako uani, mbele yangu.

Mnunuzi alifika na shikamoo nyingi. Kaizunguka pikipiki juani, kainama, kachungulia. Hakuona mkwaruzo hata mmoja. Binti yangu akaanza kutabasamu.

Ndipo nikasema simpi mtu asiyejua kuiosha. Nikachota tope uani, nikapaka madigadi na ubavu wa tangi, mimi mwenyewe, taratibu. Aoshe mbele yangu. Akipatia, aondoke nayo. Akikosea hata mara moja, inabaki, na nyonga ni yangu.

"Mama, huo si mtihani, huo ni mtego."

Nikamwambia mtihani wowote mzuri ni mtego.

Mnunuzi akacheka, akakunja mikono ya shati. Nimempa glavu ya marehemu, aliyekuwa na viganja kama makasia. Kwake inapwaya. Makusudi.

Kaniuliza naandika nini. Nimesema maksi.

Jambo la kwanza: "Mama, ndoo ya pili iko wapi?"

Nikamtumbulia macho Chapuchapu. Anaapa kwamba hakumwambia!

Anamwaga maji. Tele. Yanamrukia usoni. Anavua miwani – na hafuti. Anaisuuza bombani kwanza, ndipo anaigandamiza kwa kitambaa. Lo! Fundi miwani! Mtu ambaye kazi yake yote ni kutokwaruza. Niliambiwa tangu Jumatatu, na sikulifikiria hata kidogo.

Anaanzia juu, kwenye tangi. Mstari mnyoofu. Anasuuza. Mstari mwingine. Namchukia na ningempa mia kwa mia.

Glavu imemchomoka! Pu, mchangani.

Binti yangu kaziba mdomo. Chapuchapu kageukia ukuta, mabega yanamtikisika. Mnunuzi anaiokota, anaigeuza juani, anaitazama. Sasa ananitazama mimi.

"Mama, hii ndiyo basi tena. Unayo nyingine?"

Nimemwambia asubiri, nikumbuke niliiweka wapi.

Ninayo. Nimeikalia.