Picha ya Mama Katika Hoteli ya Melaka

Kuala Lumpur,
Jumanne

Kaka Bosco mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima huko Perth, wewe, wifi na watoto. Goti linaendeleaje? Sisi hatujambo, ila nimerudi kutoka Melaka jana na hasira ambayo haijanitoka.

Lile ghala la Waholanzi kando ya mto, Mama alikokuwa akiuza uduvi, sasa ni hoteli. Niliingia Jumapili baada ya misa. Ukumbini wametundika picha za watu wa mji: matajiri wa Kichina, makarani wa Kiingereza, na katikati yao Mama, miguu mitupu, ndoo ya uduvi kiunoni. Chini wameandika: “Mtumishi wa nyumbani. Jina halijulikani.”

Msichana wa zamu, Hui Min, alikuwa akiwasomea wageni. Nikamkatiza.

“Binti, huyo hakumtumikia mtu. Huyo ni Teresa Lazaroo, mama yangu.”

“Anti, mimi nasoma nilichopewa tu.”

Nikamwambia amlete aliyempa. Akaja meneja, Bwana Kanagaraj, nikamsema mbele ya wageni wake. Nilimwambia wanauza mapishi yetu sisi Wareno wa Melaka, wanachezesha ngoma zetu wakati wa chakula, Kireno chetu wanakipamba ukutani na hawajui hata kukitamka, halafu mama yetu wanamfanya kijakazi. Hakubishana. Alinipeleka ofisini, akafungua faili, akaniuliza kwa upole, “Anti, hii si sahihi yako?”

Kaka, ni yangu. Mwaka aliofariki Mama, shule yangu ilikusanya picha za zamani za mji. Nilipeleka bahasha nzima bila kuichambua, na ile ya Mama ikatokea mbele ya walimu wenzangu, ambao nilikuwa nimewaambia sisi ni ukoo wa makarani. Wakauliza ni nani. Nikasema mtumishi wetu wa zamani. Jina? Nikasema silikumbuki. Nikatia sahihi, na baadaye hoteli ikazichukua picha pamoja na karatasi zake.

Miaka kumi na tisa uongo wangu umekaa kwenye faili, sasa wageni wanasomewa, na mimi ndiye niliyekwenda kupiga kelele.

Niliomba karatasi, nikaandika: “Teresa Lazaroo, muuza uduvi.” Hui Min akaibandika hapo hapo. Sikupata ujasiri wa kukueleza kwa simu. Nikasirikie, ni haki yako.

Msalimie wifi sana, na watoto uwabusu. Waambie bibi yao aliuza uduvi kando ya mto. Najua na wewe hujawahi kuwaambia.

Ni mimi dada yako,
Marlinda