Bomba la Monsinyori

Jumatatu, 3 Machi 2008

Mimi Edrine ndiye dereva mwenye bahati kuliko wote hapa Juba. Nimeendesha Mombasa, nimeendesha Kigali, nimelala Goma ndani ya lori — sijaona gari kama langu. Gari dogo la saluni, la dizeli, umri wake karibu na wangu. Nililipata Arua kwa padri mzee aliyekuwa akiliendesha Jumapili tu, nyumbani hadi kanisani. Ndiyo maana nimelibatiza Monsinyori. Wengine wananunua magari. Mimi nilipewa baraka yenye magurudumu.

Leo lakini Achol amenitukana. Achol anauza chai karibu na geti la uwanja wa ndege, mahali ninaposubiri abiria. Nikiwasha gari tu, vikombe vyote vinapata moshi. Amesema wateja wake wamehamia kwa mama wa ng'ambo ya barabara, na akimpoteza mmoja tena, birika la moto litakuwa langu. Nikamwambia, dada, gari ni la kanisa, huo ni ubani. Hakucheka.

Nimekagua. Kosa si la Monsinyori. Bomba lake la moshi liko kulia. Kwetu Uganda tunapita kushoto, kwa hiyo moshi unakwenda katikati ya barabara. Hapa watu wanapita kulia — basi moshi unawapiga waliokaa kando. Siasa tu hiyo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda mtaa wa Jebel, kwa Matiya, mchomeleaji wa kwetu Masaka. Nimemwambia ahamishe bomba litokee kushoto. Ameangalia moshi muda mrefu.

"Edrine, huu ni wa bluu. Injini inakula oili. Ringi za pistoni zimekwisha."

Nikamwambia, ssebo, wewe ni daktari wa mabomba, mambo ya moyo waachie wengine. Amechomelea huku anacheka peke yake.

Jumamosi, 8 Machi

Achol amepata hewa. Wateja wawili wamerudi. Nimepewa chai ya bure, tangawizi hadi puani. Furaha ya saa mbili.

Halafu Bilow, Msomali mwenye duka la jumla, ametua kutoka Nairobi. Nikampakia nyuma. Kumbe bomba sasa linapita chini ya miguu ya abiria. Matiya hakuniambia — au aliniambia, sikusikiliza. Tulipofika Atlabara mzee amekunja magoti hadi kidevuni.

"Wallahi, Edrine, umenipakia kwenye gari au kwenye jiko?"

Nikamwambia huko Nairobi watu wanalipia, inaitwa sauna. Soli yake moja imebaki kwenye mkeka. Ameingia dukani anachechemea, bado anacheka. Nitamtafutia viatu vingine, mtu mwema yule.

Jumanne, 11 Machi

Bomba linapanda juu. Linatoka ubavuni, linapita nyuma ya mlango, linalipita paa kwa mkono mzima, kama la lori kubwa. Hakuna saluni nyingine Juba yenye dohani. Askari wa geti wamepiga picha nalo. Moshi unakwenda moja kwa moja kwa mwenyewe, Mungu.

Matiya amerudia maneno yake ya ringi. Nimemlipa, nikawasha gari.

Achol amelizunguka gari mara mbili. Kisha amekaa kando yangu — hajawahi — akasema hakuna mtu aliyewahi kuhangaika hivi kwa ajili ya chai yake. Halafu jambo lenyewe. Mama yake anarudi. Miaka kumi na minne kambi ya wakimbizi Adjumani, Uganda, sasa watu wanarudi nyumbani, na Ijumaa atavuka mpaka Nimule. Peke yake. Macho hayaoni vizuri.

"Sitaki apande lori, juu ya magunia," amesema. "Gari lako ni la padri. Halitamwacha mama yangu njiani."

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nikasema: dada, tutaondoka alfajiri.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika juu ya boneti. Tuko katikati ya kilima, Nimule bado. Monsinyori amezima. Bila kelele — amepumua tu, fuu, akatulia. Kijiti cha oili kimetoka kikavu. Madebe yote niliyobeba nimeshamnywesha, na yote yamekwenda mbinguni kwa bomba langu zuri.

Saa nane sasa. Mama yuko mpakani tangu asubuhi, hajui barabara ni ipi. Hakuna gari lililopita tangu tusimame. Achol hajanitukana. Afadhali angetukana. Amekaa kwenye jiwe, amepakata shuka jipya alilomletea mama yake, analikunja, analikunjua.

Simu imeshika netiwaki kidogo. Ameona.

"Kaka Edrine, mpigie padri. Analijua gari lake, atatuambia la kufanya. Na atuombee."

Nimejifanya naandika. Amekuja, amenyoosha mkono. Kama mimi naona haya, ataongea naye mwenyewe, nimpe tu namba.

Hakuna padri. Nililinunua kwa muuza mkaa, likitoa moshi huu huu, na aliniambia kwamba injini imekufa.