Uwanja Uliojengwa Juu ya Mabwawa

Guangzhou

Mpendwa dada Bibiana,

Tumsifu Yesu Kristo. Kabla hujaendelea, nakusihi funga mlango. Usimsomee mtu barua hii, hata wa humo ndani, na ukimaliza itie motoni. Mama hajambo? Na goti lake? Mimi mzima, ila nina uchovu usioisha kwa kulala.

Unajua bosi wetu, Mzee Salvatory, ameacha kusafirisha nguo. Sasa ni dalali wa kampuni inayotaka kujenga uwanja wa michezo kwetu, pale bondeni kwenye mashamba ya mpunga, la mama likiwamo. Wiki hii madiwani wetu walikuja kutazama uwanja wa mfano, nami karani nikafanywa mkalimani. Kazi hiyo ina desturi yake hapa ofisini: bosi akigusa kofia, maneno yaliyosemwa hayatafsiriwi.

Mhandisi wa uwanja, Mama Liang, alitusimulia historia ya uwanja huo bila kuficha. Zamani palikuwa na mabwawa ya samaki na bata, yakafukiwa haraka ili mashindano yasichelewe. Nikatafsiri. Akaeleza habari za mpira, riadha, maonyesho ya muziki, hata mwaka ambao watu waliokimbia mafuriko walilala chini ya majukwaa. Nikatafsiri. Diwani mmoja akatania kwamba kwetu hata bata watalipa kiingilio, wenzake wakacheka. Ndipo Mama Liang akasema jukwaa la mashariki lilizama, likapasuka, likabomolewa, na hadi leo pampu hazizimwi msimu wa mvua. Akatuomba tusijenge kwenye udongo wa mpunga kabla ya kuupima.

Mzee Salvatory akagusa kofia. Nikasema mama huyu anatutakia safari njema.

Dada, tulipoketi kula niliinuka. Nikamvuta kando diwani mmoja ninayemheshimu, nikamweleza yote. Ningesema mbele ya wote wangesikia, lakini niliona si adabu kumwaibisha bosi mbele ya wageni wake. Alinisikiliza huku akitafuna, akaniambia nimesomeshwa ili nitafsiri, si ili niwafikirie wakubwa. Jioni bosi alikuwa anajua kila neno nililosema. Akanitangazia kwamba pasipoti yangu itabaki kabatini mwake mpaka nijifunze kunyamaza. Sasa nikiona askari naingia duka lolote, najifanya naulizia bei.

Diwani huyo ni mumeo, shemeji Eliudi. Nisamehe kwa kukuingizia hili nyumbani mwako. Anarudi na karatasi za kuachia mashamba, na ataanza na mama, maana mkwe wa diwani akikubali, majirani watabisha vipi? Mwambie mama asitie saini mpaka udongo upimwe mbele ya macho yao wote. Akikataa yeye, wengine watapata nguvu.

Msalimie sana, na watoto uwakumbatie.

Nimehama chumba cha ofisini. Usipige simu ya kazini, wala usitumie simu ya shemeji. Niko kwa Kazija, mama wa Unguja anayepika pilau karibu na soko la vitambaa la Zhongda. Namba yake anayo Teddy, aliyekuletea barua hii, ila hajui kilichomo. Piga ukiwa peke yako, sema unaulizia vitambaa vya njano, naye Kazija atanipa simu. Akikujibu kwa Kichina, “mei you”, yaani hakuna, kata, ujaribu kesho. Jina langu usilitaje.

Mdogo wako,
Protas