Spiriti kwenye Mtungi, Doenjang kwenye Kidonda

Sunchang,
Jeolla Kaskazini.
4 Desemba 1988

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, miwani imekaa vizuri puani, na cherehani imenyamaza kidogo. Kifua chako kinaendeleaje? Joto la São Paulo linakuacha ulale? Mwanao Sang-cheol na mkewe hawajambo? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Baridi imeingia, mitungi ya kimchi, kabichi zetu za chumvi na pilipili, tumeshaifukia ardhini, na mume wangu anakohoa kama kila mwaka na anakataa kuvaa skafu kama kila mwaka.

Gi-tae ameniambia kwamba alikupigia simu, akakuambia dada yako anakatwa mguu, kisha simu ikakatika. Huyu mdogo wangu akishika simu akili humruka. Najua tangu siku hiyo hujashona mshono ulionyooka. Basi kwanza ujue kwamba Mama yu hai, anakula, na leo asubuhi amenigombeza kwa kukata figili vipande vikubwa. Habari ya mguu ni ndefu kidogo, nami nitaianza mwanzo ili usisikie huku na kule.

Ilianza siku ya kuchemsha soya. Unamjua dada yako na siku hiyo, hataki mtu amguse wala amsaidie. Alikuwa anachota maharage kwenye lile sufuria kubwa la chuma, upawa ukamponyoka, maji ya moto yakammwagikia mguu wa kushoto. Mtu mwingine angeita watu. Yeye alivua soksi, akaenda kwenye mitungi nyuma ya nyumba, akachota doenjang, ile rojo yake ya soya iliyochachuka, kiganja kizima, akajipaka, akafunga kitambaa, akarudi kuponda soya zake.

Usicheke, Mama Mdogo, maana na wewe ungefanya hivyo hivyo. Sote tumelelewa na doenjang. Nyuki akikuuma, doenjang. Ukijikwaa kwenye jiwe, doenjang. Mwenye bahati alipakwa dawa nyekundu shuleni, akatembea na goti jekundu wiki nzima akijiona amepewa nishani. Lakini sisi tulikuwa watoto. Mama ana sukari, na mtu mwenye sukari kidonda chake hakina subira.

Mimi niligundua kwa pua. Nilikwenda kumsaidia kufunga matofali ya soya iliyopondwa kwa kamba za majani ya mpunga ili tuyatundike yakauke, nikasikia harufu. Nikamwuliza.

"Harufu gani?" akasema. "Hii ni nyumba ya soya. Ulitaka inukie marashi?"

"Mama, soya hainuki hivi."

"Basi pua yako imezeeka kabla yangu."

Nilimvua soksi kwa nguvu. Sitakueleza yote niliyoyaona, maana huenda unasoma ukiwa mezani. Nitakuambia tu kwamba kidole kidogo kilikuwa cheusi, na doenjang ilikuwa imekauka juu ya kidonda kama plasta ya ukutani.

Daktari wa mjini hakumung'unya maneno. Alisema kidonda kisafishwe kila siku na mtu anayejua, nyama iliyokufa itolewe, kipakwe dawa ya kuua vijidudu, na weusi ule ukipanda juu ya vidole atakata mguu kwenye kifundo. Alitaka alazwe siku ile ile. Mama akamwuliza kama hospitali ina mahali pa kutundika matofali yake ya soya. Tukarudi nyumbani.

Sasa, katika ukoo wetu anayejua kazi hiyo ni mmoja tu, naye ndiye Mama alikuwa hasemi naye. Hye-ran, mke wa Gi-tae, wewe umemwona kwenye picha ya harusi tu, kwa hiyo acha nikujulishe. Ni muuguzi wa chumba cha upasuaji huko Jeonju. Ni mtu mwema, sikufichi, lakini usafi wake unatisha. Nyumbani kwake hata kitasa cha mlango kinanuka spiriti, na mgeni anaogopa kupiga chafya. Maneno yake nayo huyapitisha kwenye spiriti kabla hayajatoka: hayana uchafu, wala hayana joto. Ukimwambia umechoka, hatasema pole. Atakuuliza umelala saa ngapi.

Sikukuu ya mavuno, Chuseok ya mwaka huu, walikuja kama kawaida. Baada ya kuwatolea wazee waliotangulia sadaka, Hye-ran akaenda nyuma ya nyumba kutafuta kazi, maana hawezi kukaa bure. Akaona ukungu mweupe kwenye midomo ya mitungi, ule ambao wewe na mimi tunaukwangua kwa kijiko na maisha yanaendelea. Akatoa chupa ya spiriti kwenye mkoba wake, akapangusa mitungi yote, nje na ndani. Kwenye mtungi wa sosi ya soya alikuta mkaa na pilipili nyekundu zinaelea, akazitoa akazitupa. Mtoto wa Seoul huyo, amekulia sosi ya dukani, nani angemwambia kwamba ule mkaa na zile pilipili ndizo zinazolinda mtungi usioze?

Mama alitoka akamkuta. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Umemaliza, mwanangu? Basi nipanguse na mimi, nami nina ukungu." Tangu siku hiyo akawa anampitishia salamu kupitia kwa Gi-tae, na Gi-tae, unavyomjua, alikuwa anazisahau njiani.

Kwa hiyo mambo ya nyumba yetu yalikaa hivi: mmoja alipaka spiriti kwenye doenjang, mwingine akapaka doenjang kwenye kidonda, na kila mmoja aliapa kwamba anaua vijidudu. Ningecheka kama si ule weusi kidoleni.

Hye-ran alichukua likizo akaja, bila kubembelezwa, na hilo nampa sifa. Alitandaza kitambaa cheupe sakafuni, akapanga kibano, mkasi, pamba na chupa ya iodini, akavaa glavu na barakoa. Mama alimtazama kama mtu anayetazama mgambo akiingia kwake.

"Mimi si mtungi," akasema.

"Ndiyo, Mama," Hye-ran akajibu. "Mtungi ukivunjika tunanunua mwingine."

Niliona Mama anataka kucheka, akajizuia. Akanyoosha mguu.

Mama Mdogo, yule msichana ana mikono. Alikuwa anatoa nyama iliyokufa taratibu kama anachambua mchele. Mama alikaza uso, akatazama dari. Ila iodini ilipogusa kidonda akasema, "Inachoma," kisha akanigeukia. "Mal-sun, puliza."

Unajua mwenyewe jinsi alivyokuwa akipuliza. Sisi watoto wake alitupulizia kila mchubuko, huuu, huuu, mpaka tukasahau kulia. Na wewe uliniambia zamani kwamba mama yenu alipofariki, dada yako ndiye aliyekuwa akikupulizia magoti, naye mwenyewe bado mtoto. Basi nikainama nipulize. Hye-ran akanizuia kwa kiwiko.

"Wifi, usipulize! Mdomo wa mtu una vijidudu vingi kuliko sakafu hii."

Kwa mambo ya hospitali yuko sahihi, siwezi kubishana naye. Lakini Mama alivuta mguu akauficha chini ya blanketi.

"Ng'ombe ndiye anayepakwa dawa bila kupulizwa," akasema. "Nimewapulizia watoto wa kijiji hiki chote, hakuna aliyekufa kwa pumzi yangu."

"Mama, hicho ni kidonda cha sukari, si..."

"Nenda kasafishe mitungi."

Kuanzia hapo akakataa kuguswa na Hye-ran. Nikawa muuguzi mimi. Hye-ran alisimama mlangoni, akiniamrisha kama anafundisha mtu kuendesha gari: wifi, pamba nyingine, wifi, usirudie palepale, wifi, umeshika kibano kama kijiti cha kulia wali. Nami nilipokuwa nasafisha nilikuwa nafumba macho, nakuambia kweli. Na kila mara Mama akisema puliza, Hye-ran anasema usipulize, nami katikati na mashavu yamejaa pumzi. Kidonda hakikupona. Weusi ulianza kusogea kwenye kidole cha pili. Gi-tae alikuwa anakuja kutoka kazini, anakaa ukumbini na kulia kama mvulana, na siku moja kati ya hizo ndipo alipokupigia simu.

Tulirudi kwa daktari sote watatu. Alimwambia Mama atazame dirishani, akachukua sindano, akaanza kumchoma mguuni, hapa na pale, juu ya kidonda na kando yake. Mama alikuwa anatazama nje na kunieleza habari za kabichi za jirani, jinsi zilivyopigwa na jalidi kwa sababu ya uvivu wao. Daktari anachoma, yeye anaendelea na kabichi. Hakushtuka hata mara moja. Daktari akatuambia kando kwamba mguu ule umekufa ganzi, na si leo wala jana. Ndiyo maana aliungua akarudi kuponda soya. Akasema pia kwamba anatupa muda mfupi tu, kisha atakata.

Nilimtazama Hye-ran, naye akanitazama. Sote wawili tulikuwa tunawaza neno moja, lile "inachoma" la Mama. Mguu usiosikia sindano utasikiaje iodini? Sijui kama Mama mwenyewe alikuwa anajua. Kwenye basi Mama alikuwa bado kwenye kabichi.

Jioni ile, kabla ya chakula, Hye-ran aliingia na vifaa vyake bila kubisha hodi. Alikaa chini, akavaa glavu na barakoa, akauweka mguu wa Mama mapajani mwake. Mama akasema, "Nimekwambia sitaki." Hye-ran akachukua kibano. Akasafisha. Akakata. Kisha akapaka iodini, naye Mama akasema kwa sauti ndogo, bila hata kututazama:

"Inachoma."

Mimi nilikuwa nimesimama na beseni, sikuthubutu kusogea. Hye-ran aliweka pamba chini. Akainama mpaka paji la uso likakaribia kuugusa mguu, akapuliza. Huuu. Huuu. Hakuvua barakoa, Mama Mdogo. Alipuliza na ile barakoa nzito ya kitambaa usoni, ikafura na kunywea, ikafura na kunywea. Pumzi haikufika popote. Hata nywele za mguuni hazikutikisika.

Mama akageuza uso akamtazama. Halafu akasema, "Eeh. Imepoa."

Niliondoka na beseni langu nikaenda kulia jikoni. Nililia sana, na sioni aibu kukuandikia.

Tangu jioni hiyo Hye-ran amekuwa akisafisha kila siku na kupuliza kila siku, na barakoa yake usoni, na Mama hajavuta mguu tena. Kidole kidogo kimekwenda, daktari alikitoa wiki iliyopita. Cha pili kimepona. Mguu umebaki, Mama Mdogo, na nyama yake imekuwa ya waridi. Daktari amesema hakati tena. Gi-tae ameambiwa asiguse simu mpaka mwaka mpya.

Usidhani lakini kwamba wamekuwa mtu na pacha wake. Jana tu wamebishana kuhusu soksi, kama zichemshwe au zifuliwe tu. Hye-ran bado anauliza umelala saa ngapi. Ila sasa Mama anamjibu, tena anamdanganya saa.

Pamoja na barua hii utapokea kifurushi. Ni doenjang ya mwaka jana, ya ule mtungi wa pembeni unaoupenda. Hye-ran aliijaza kwenye chupa, kisha akatoa spiriti yake akapangusa mdomo wa chupa, nje na ndani. Mama alikuwa amekaa hapo hapo ameshika kifuniko. Mimi nilingoja radi. Akamwambia tu, "Na hapo pembeni, umeruka," akampa kifuniko. Kwa hiyo ukionja ukasikia harufu ya hospitali kwa mbali, usishangae. Na tafadhali uile na wali, usiipake popote.

Gi-tae anakusalimu na anaomba radhi kwa simu ile. Hye-ran anakusalimu na anauliza kama sukari yako umepima. Mume wangu anakusalimu katikati ya kikohozi. Nisalimie Sang-cheol na mkewe, uwaambie wakuondolee zile kazi za usiku machoni mwako. Mungu akulinde na baridi ya huko ikija, akupe siku nyingi, na atukutanishe tukiwa bado tunajuana kwa sura.

Nilikuwa nafunga barua nikamwuliza Mama kama ana neno lake kwako. Alifikiri sana, mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akasema nikuandikie hivi hivi alivyosema: "Mwulize, huko akijichoma na sindano ya cherehani, nani anampulizia?"

Wako akupendaye, mwanao,
Mal-sun