Bawa la Kushoto Bado Liko Mezani

Mwaka umetimia, Mzee Gumba, tangu uiname pale mlangoni kufunga kamba za viatu usiinuke tena. Mwaka mzima, na bado hatujaamini. Mama watoto wako akikuta mtu ameinama barazani moyo unamlipuka, hata kama ni fundi bomba tu anaokota bisibisi yake.

Tuseme kweli, ulitushtua vibaya. Nyumba nzima ilikuwa imejizoesha kuogopa anga. Wewe ulikuwa fundi wa ndege ndogo, na kila ulipomaliza kufunga nyaya za usukani ulipanda na rubani kwenye safari ya majaribio. "Aliyefunga nyaya naye apande," ulisema, na hanga nzima, ile karakana yenu ya ndege, ikaligeuza neno hilo kuwa sheria. Siku hizo mkeo alikuwa hali kitu mpaka asikie pikipiki yako getini. Simu ikilia, anaitazama kama nyoka. Kumbe wewe ulikuwa na mpango wa kutuondokea hapa hapa nyumbani, siku ya mapumziko, chai haijapoa! Alipokuona umelala kizingitini, kwanza alicheka. "Inuka bwana, acha mizaha yako," alikuambia, maana mizaha ulikuwa nayo. Akarudia. Mara ya tatu hakumaliza sentensi, na tangu siku hiyo hajaweza kusimulia kilichofuata.

Wasiokujua wajue kwamba mzee huyu alikuwa haachi mlango ulie. Akienda kwa watu kutoa pole, kabla hajaketi ameshatoa kichupa cha mafuta mfukoni anahudumia bawaba. Sasa milango ya mtaa mzima inalia, na hakuna mwenye moyo wa kununua mafuta.

Na wajue pia kwamba alitugeuza ndege. Kila Jumapili, kabla ya kula, ulikamata sahani tupu kwa mikono miwili, vidole gumba vimesimama juu, ukasema huo ndio usukani. Mkeo alikaa upande wa kushoto, basi akawa bawa la kushoto. Kitinda mimba wako, binti uliyempachika jina la Spana, akawa bawa la kulia. Kifungua mimba akapewa mkia, na cheo hicho hajakusamehe mpaka leo, hasa siku ile ulipomtikisa mbele ya mchumba wake.

"Nikizungusha sahani kushoto, gumba langu linaelekea wapi?" uliuliza.

"Kushoto!"

"Basi kibawa cha upande huo ndicho kinachopanda. Haya, mama watoto, kiganja juu!"

Kibawa chenyewe kiko kwenye ukingo wa nyuma wa bawa, karibu na ncha, nacho kimeshikwa na bawaba kama mlango. Kikipanda, upepo unalikandamiza bawa lake, linashuka. Wakati huo huo mwenzake wa bawa la pili anashuka, na upepo unaliinua bawa lile. Ndege inalalia kushoto, ndipo inapinda. Mkeo alitakiwa ainue kiganja huku mkono mzima unashuka, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

"Nipande au nishuke? Amua moja!"

"Vyote viwili, mke wangu. Kibawa kinapanda ili bawa lishuke."

"Mambo yenu ya kinyumenyume! Chakula kinapoa."

Lakini aliinua. Kila Jumapili aliinua. Na mkia nao haukusalimika: ukivuta sahani kifuani, kibao cha nyuma kinapanda, mkia unashuka, pua ya ndege inaelekea juu. Ukikanyaga kwa mguu, kile kibao kilichosimama wima mkiani kinageuka, na pua inageuka. Tulikula tukiwa tumechoka.

Sasa sikia yaliyotupata, mzee, maana hili lazima uambiwe.

Spana amemaliza mafunzo ya ufundi wa ndege. Wamemwajiri hanga ile ile, na mwezi uliopita wakampa ndege yake ya kwanza ya kubadilisha nyaya zote za usukani. Maana yake unaijua. Aliyefunga naye apande.

Mama yake alikataa katakata. "Nimeshazika mtu," alisema. "Siziki tena nyumba hii. Ukipanda, usiniite mama." Spana naye kichwa kigumu, amekirithi kwa nani hatusemi. Wakanuniana. Chumvi ilikuwa inaombwa kupitia kwa kaka mtu.

Asubuhi ya siku ya majaribio, mkeo alivaa viatu, akajifunga mtandio, akaenda hanga kumshusha binti yako kwenye ndege, kwa hiari au kwa kumburuta. Mlinzi akamfungulia geti kwa heshima yako. Alimkuta Spana ameketi kwenye kiti cha rubani, mlango wazi. Nyuma ya bawa amesimama rafiki yako Kiraka, aliyekuja kukagua, kwani mwenye kufunga nyaya hajikagui mwenyewe.

"Mama! Umefuata nini huku?"

"Nimekufuata wewe. Shuka."

"Ngoja tumalize kukagua."

"Nangoja." Akasimama kando ya bawa la kushoto, uso umekunjamana.

Kiraka akafumba macho, kama kawaida yake, asikilize kama kuna waya unaokwaruza njiani. "Kushoto!" akaita. Spana akazungusha usukani, magumba juu, kama ulivyomfundisha.

"Laini kabisa," Kiraka akasema. "Usukani umefika mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Safi. Kulia!"

Mkeo hakusikia hilo la mwisho. Alikuwa anatazama mkono wake mwenyewe. Kiganja kilikuwa kimepanda. Hakukiambia kipande, kimepanda chenyewe, kama Jumapili. Na kibawa kilichokuwa mbele yake kilikuwa kimeshuka.

"Rudia," akasema.

"Mama, tafadhali, usituharibie kazi."

"Rudia kushoto, nimesema!"

Spana akazungusha kushoto. Gumba lake likaelekea moja kwa moja kwa mama yake. Kiganja cha mama kiko juu. Katikati yao kibawa kikashuka taratibu, laini, bila kukwaruza popote.

"Mbona kimeshuka?" mkeo akauliza. Sauti ilikuwa ndogo, sauti ya mtu anayeuliza tu.

Kiraka alifumbua macho, akakitazama kibawa, akamtazama mkeo, kisha akakaa chini kwenye sakafu yenye mafuta na suruali yake safi. Spana alishuka, akaja kukishika kibawa kwa mkono wake.

Nyaya mbili zilikuwa zimepishana chini ya sakafu ya ndege, huu umekwenda kwenye kapi la mwenzake, yaani kigurudumu kinachouongoza waya. Kila kitu kilisogea vizuri mno, ila kinyume. Kiraka alisikiliza nyaya, Spana alimtazama Kiraka, na hakuna aliyetazama kibawa kinaelekea upande gani. Rubani angezungusha kushoto, ndege ingelalia kulia. Angeshtuka, angezidisha kushoto, nayo ingezidi kulalia kulia, na ardhi iko pale chini tu. Na kando ya rubani angekuwa ameketi mwanao. Mwanao, mzee!

Mkeo alilishika bawa. "Gumba," alisema, "wewe mtu wewe!" Hatujui kama alikuwa anakulaumu au anakushukuru, na yeye mwenyewe hajui.

Sakafu ilifunguliwa, nyaya zikarudishwa kwenye njia zake. Kiraka alikataa kukagua tena, akaomba aletwe mkaguzi mwingine, kisha akaenda mlangoni mwa hanga akalia wazi wazi bila kujificha. Jioni yake ndege ikawa tayari, na sheria yako ikawa bado ni sheria.

Spana alikwenda mbele ya mama yake. "Mama, ukisema nisipande, sipandi. Safari hii sibishani na wewe."

Mkeo alikuwa amekuja kumshusha, na sasa alikuwa na sababu kubwa kuliko ya asubuhi, na neno moja tu lilitosha.

Akalirudia bawa la kushoto, akanyoosha mkono. "Zungusha," akasema.

Spana akarudi kwenye usukani. Kushoto: kibawa kikapanda, kiganja kikapanda. Kulia: kibawa kikashuka, kiganja kikashuka. Akamfanya arudie mpaka rubani akaanza kutazama saa. Halafu akarekebisha kola ya binti yako.

"Panda," akamwambia. "Baba yako angepanda."

Alikaa juu ya sanduku lako la vifaa mpaka ndege iliporudi. Ilipogusa ardhi, alimwomba mlinzi kipande cha mkate, akakila chote.

Sahani yako haikuguswa na mtu kwa mwaka mzima. Jumapili iliyopita mkeo aliichukua kabatini, akaifuta, akamkabidhi Spana. "Shika," alisema. "Na magumba juu." Kifungua mimba amepandishwa cheo hatimaye, yeye ndiye bawa la kulia. Mkewe amechukua mkia kabla hajaelezwa kazi yake. Tulicheka, kisha tukaona kiti chako, tukashtuka upya kana kwamba ni asubuhi ile.

Unakumbukwa na mkeo, na Spana, na kifungua mimba wako na mkewe, na Kiraka, ambaye sasa anakagua macho wazi, na majirani wote wenye milango inayolia. Hatukusahau leo, wala hatutakusahau kamwe.

Na huko uliko, mzee, ukitutamani, zungusha tu kushoto. Kiganja cha mkeo kitapanda.